WAVUTA JUYA NAO NI WAFANYAKAZI
Habari za ufukweni Pemba, Msumbiji, wakati wa kusi



Tumezoea kusoma katika kurasa hizi habari za viwandani na mashambani: mishahara, likizo, ngwe za mkonge, vumbi la pamba, mashine zisizo na kinga. Hizo ndizo kazi zetu na ni haki tuziandike. Lakini leo naomba mnifuate mpaka ufukweni, mahali ambapo wengi wetu tumewahi kufika, wengine siku ya Jumapili kutafuta kitoweo, wengine baada ya kiwanda kufungwa. Nataka kueleza habari ya watu wanaovuta juya kutoka nchi kavu bahari inapochafuka. Sikuisoma kitabuni. Nilishika kamba hiyo miaka minane.

NILIVYOFIKA KAMBANI

Mama yangu alikuwa mfanyakazi wa kiwanda kimoja cha korosho katika pwani ya Nampula. Kazi yake ilikuwa kubangua, na mpaka leo vidole vyake vina madoa meusi ya mafuta ya ganda la korosho. Wazee wanakumbuka kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1970 Msumbiji ilikuwa mbele duniani kwa zao hili, ikivuna zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Katika miaka ya 1990 viwanda viliuzwa kwa watu binafsi, na Benki ya Dunia ikaisukuma serikali ipunguze ushuru wa kupeleka nje korosho ghafi. Korosho zikaanza kupakiwa melini na maganda yake kwenda kubanguliwa India. Chama cha wafanyakazi wa korosho, SINTIC, kilipinga jambo hilo kwa nguvu, lakini viwanda vilifunga milango kimoja baada ya kingine, na maelfu ya wafanyakazi, wengi wao wanawake, wakarudi nyumbani mikono mitupu.

Mwaka 1998 zamu ya mama ilifika. Mimi nilikuwa na miaka 17 na nilikuwa nimemaliza darasa la saba. Tukahamia Pemba kwa ndugu zake. Yeye akaanza kununua samaki pwani na kuwakausha. Mimi nikaenda kwa nahodha mmoja wa juya, nikamwambia, "Mjomba, natafuta kazi." Akanitazama mabega, akasema, "Njoo kesho maji yakianza kupwa." Sikuandika jina popote wala sikuweka sahihi. Hapakuwa na barua ya kuajiriwa wala kipimo cha daktari. Nilikabidhiwa mshipi wa kitambaa wa kuvaa kiunoni, basi.

KAZI ILIVYO

Kwa ndugu wa bara ambao hawajaiona kazi hii, nitaieleza kidogo. Juya ni nyavu ndefu yenye mabawa mawili na mfuko katikati. Juu ina maboya na chini ina chubwi za risasi, ili isimame ndani ya maji kama ukuta. Mwisho wa kila bawa pana kamba ndefu. Kundi la kwanza hubaki ufukweni likiwa limeshika kamba moja. Wengine huingia mtumbwini na nyavu, wakapiga kasia kwenda mbele, wakizunguka na kuimwaga nyavu kwa umbo la mwezi mchanga, kisha wakarudi ufukweni mbali kidogo na kamba ya pili. Hapo makundi mawili yanaanza kuvuta, yakienda kinyumenyume, na kadiri nyavu inavyokaribia, makundi nayo yanasogeleana.

Mvutaji havuti kwa mikono peke yake. Mshipi wake una kikamba kifupi chenye kifundo mwishoni. Kikamba hicho huzungushwa kwenye kamba kuu, nacho hushika kinapovutwa na kujiachia kinapolegea. Mtu huegemea nyuma kwa uzito wote wa mwili. Aliyefika juu mchangani hujifungua, akashuka tena mpaka majini na kujifunga mbele ya wenzake. Mzunguko huo unaendelea saa mbili au zaidi kwa mtupo mmoja. Nyavu inapofika maji ya kifua, watu wawili watatu huingia ndani kuikanyaga chini yake isiinuke, samaki wasitoroke, na kuinasua inaposhika jiwe. Hiyo ndiyo nafasi ya hatari kuliko zote, na kwa kawaida hupewa vijana.

KWA NINI WATU WAVUE BAHARI IKICHAFUKA?

Swali hili huulizwa na kila mtu aliyeshiba. Jibu lake si ujinga wa wavuvi. Pepo za kusi huanza kushika mwezi wa Aprili, na kati ya Juni na Agosti huwa kali. Siku hizo mitumbwi na ngalawa za kwenda nje ya mwamba hazitoki, na wenye mishipi na madema hukaa barazani wakishona. Juya halihitaji kwenda mbali. Linamwagwa karibu, watu wakisimama nchi kavu, kwa hiyo linabaki kuwa chombo pekee kinachoweza kuleta samaki mjini. Tena maji yaliyochafuka huficha nyavu, samaki hawaioni. Na kwa kuwa sokoni hakuna samaki wengine, bei hupanda.

Hapo ndipo mwenye juya anapopenda kusi, na hapo ndipo mvutaji anapolazimika kuipenda.

Lakini bahari ya kusi ina kanuni zake. Mawimbi yanayofika ufukweni yanaleta maji mengi, na maji hayo hayana budi kurudi yalikotoka. Hutafuta mahali penye kina kidogo cha ziada, au mlango katika mwamba, yakatoka hapo kwa pamoja kama mto. Ukisimama juu ya tuta la mchanga unaweza kuuona mkondo huo: ni njia ya rangi ya udongo, yenye povu linalokwenda nje, na mawimbi hayavunjiki juu yake. Mgeni akitazama huona pale ndipo palipotulia, akaingia pale pale. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa kwa kasi, mkondo huo unazidi nguvu, na hakuna mtu awaye yote, hata awe na misuli ya namna gani, anayeweza kuogelea kushindana nao.

SIKU YA JULAI 2004

Siku hiyo ilikuwa bamvua na upepo ulikuwa umevuma usiku kucha. Tulikuwa watu 18 pamoja na nahodha katika ufuo mmoja kusini ya mji. Nahodha wetu, mzee wa zaidi ya miaka sitini, alisimama juu ya tuta akahesabu mawimbi kwa muda mrefu. Akashuka akasema, "Leo hapana. Tungoje maji yapwe yote."

Mwenye juya alikuwapo. Kwa kawaida haji, lakini siku hiyo alikuja kwa sababu alikuwa na mnunuzi kutoka mjini aliyekuwa akingoja na gari. Hakugomba wala hakutoa matusi. Alisema tu, "Kama hamwezi, wapo wanaoweza." Nahodha alinyamaza. Sisi sote tulinyamaza. Neno lile tulilijua, nanyi mnalijua, kwa maana linasemwa katika kila lango la kiwanda na kila ofisi ya shamba.

Tukaimwaga nyavu. Mtupo wa kwanza ulikwenda salama. Katika mtupo wa pili bawa la kusini lilishika jiwe, na mtoto wa mama yangu mkubwa, kijana wa miaka 19, akaingia kulinasua. Maji yalikuwa ya kifua. Alilinasua. Alipogeuka kurudi, wimbi lilimwangusha, na kamba ikalegea kisha ikakaza. Alikuwa ameizungusha kamba mkononi mara mbili, kama tulivyokuwa tukifanya wote ili isiteleze. Mkondo ukaichukua nyavu, nyavu ikaichukua kamba, na kamba ikamchukua yeye.

Tulivuta. Watu 17 tulivuta kwa nguvu zote, na sasa najua kwamba kuvuta kwetu ndiko kulikomweka chini ya maji, kwa sababu tulikuwa tunaikaza kamba iliyomfunga. Hakuna aliyekuwa na kisu. Alipofika ufukweni alikuwa amekwisha kufa.

Mwenye juya alitoa sanda na kilo tano za mchele. Samaki wa mtupo ule walipakiwa garini, kwa kuwa mnunuzi alikuwa amengoja. Sisemi haya ili nimtukane mtu. Hakuna sheria iliyomtaka atoe zaidi, na yeye mwenyewe aliamini kwamba amefanya wema. Jambo la kutazama ni hilo: kifo cha mtu kazini kilikuwa kimeachwa kwenye wema wa mtu.

HESABU WALIYOILETA AKINA MAMA

Baada ya matanga tulikaa chini ya mkungu tukizungumza, na mama yangu akaja na wenzake wawili wachuuzi. Mama akauliza, "Ninyi siku ya upepo mnalipwa kwa bei gani?" Tukasema bei ni ile ile. Akacheka kicheko kisicho na furaha, akatuambia bei wanayonunulia wao.

Nitaitoa hesabu hiyo kwa fedha za leo, kwa kuwa metikali ya wakati ule ilibadilishwa mwaka 2006 na sifuri tatu zikaondolewa. Chukueni mfano huu. Siku ya bahari shwari tunapata ndoo 20, na kila ndoo huuzwa metikali 300. Jumla 6,000. Nusu, yaani 3,000, ni ya mwenye juya na mtumbwi. Nusu nyingine inagawanywa mafungu 20: wavutaji 18 fungu moja moja, nahodha mawili. Kila fungu ni metikali 150.

Siku ya kusi tunapata ndoo 10 tu. Mwenye juya anatuhesabia kwa ile ile bei ya 300, jumla 3,000. Nusu yetu ni 1,500, na kila fungu ni metikali 75. Lakini ndoo hiyo siku ya kusi haiuzwi 300. Inauzwa 700. Ndoo 10 ni metikali 7,000. Tukitoa 1,500 tuliyopewa sisi, yeye anabaki na 5,500.

Yaani siku ya hatari sisi tulipata nusu ya siku ya salama, na yeye alipata karibu maradufu. Hatari ilikuwa yetu, bei ya hatari ilikuwa yake. Tulikuwa tumevuta miaka mingi bila kuijua hesabu hiyo, kwa sababu tulitazama samaki wakitoka majini na hatukutazama wanakokwenda. Wanawake, ambao watu wengi hawawahesabu kuwa wavuvi, ndio waliotufumbua macho. Nawaomba ndugu zangu wa viwandani wakumbuke jambo hili wanapojadili mishahara: muulizeni dereva wa lori, muulizeni karani wa ghala, muulizeni mchuuzi. Kitabu cha hesabu hatutafunguliwa, lakini kurasa zake zimetawanyika mikononi mwa wafanyakazi wenyewe.

MAMBO MANNE TULIYODAI

Tulikubaliana mambo manne. La kwanza, neno la kutoka au kutotoka liwe la nahodha, na mwenye juya asiliingilie. La pili, siku ya upepo mgawo ufuate bei ya siku hiyo, na mchuuzi mmoja awepo wakati wa kuhesabu. La tatu, fungu moja la kila siku liwekwe sandukuni kwa ajili ya mgonjwa, aliyeumia na aliyefariki. La nne, mtu asizungushe kamba mkononi, na kila bawa liwe na mtu mwenye kisu.

Tulipopeleka maneno hayo, mwenye juya alikataa la pili na la tatu. Tukaacha kuvuta. Siku ya kwanza alileta watu wengine. Walikuwa wageni wa kazi, wakairarua nyavu kwenye mwamba. Siku ya pili nahodha wetu, ambaye alikuwa amenyamaza siku ya msiba, alikataa kuwaongoza watu wale. Siku ya tatu alituma mtu tuzungumze.

Nitasema kweli, hatukupata yote. Fungu la sanduku alikataa lisitoke katika nusu yake, tukalitoa katika nusu yetu. Bei ya siku ya upepo tulikubaliana iwe katikati, yaani 500 katika ule mfano wangu. Kwa ndoo 10 fungu likawa 125 badala ya 75. Lakini neno la nahodha lilikubaliwa lote, na tangu siku hiyo hata nilipoondoka mwaka 2007 kwenda kiwanda cha kuchambua pamba, hatukumzika mtu mwingine wa kamba ile. Kamba hukatikia pabovu, na pabovu petu palikuwa ni kule kunyamaza.

SHERIA INAVYOWAONA

Nilipoingia kazi ya chama nilianza kutafuta maandishi. Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilikadiria mwaka 1999 kwamba wavuvi 24,000 hufa kazini kila mwaka. Uchunguzi wa shirika la FISH Safety Foundation uliotolewa mwaka 2022 ulisema hesabu hiyo ni ndogo mno, na kwamba wanaokufa ni zaidi ya 100,000 kwa mwaka.

Mwaka 2007 huko Geneva ulipitishwa Mkataba namba 188 wa ILO juu ya kazi ya uvuvi, nao ulianza kutumika tarehe 16 Novemba 2017. Ni mkataba mzuri. Unataka mapatano ya kazi yawe ya maandishi, wavuvi wapimwe afya, wapumzike, walindwe wakiugua na wakiumia. Tena unasema wazi kwamba anayelipwa kwa mgawo wa samaki naye ni mvuvi. Nilipofika hapo nilifurahi sana.

Kisha nikasoma maana ya neno mvuvi. Mvuvi, kwa mkataba huo, ni mtu anayefanya kazi ndani ya chombo. Kwa hiyo katika juya letu, watu wanne waliopiga kasia ni wavuvi. Wale 14 waliosimama majini mpaka kifuani wameshika kamba si wavuvi. Na wale wanne wakishuka mtumbwini wakashika kamba, hapo hapo wanaacha kuwa wavuvi. Kijana wetu alikufa akiwa amesimama juu ya mchanga wa bahari, hakuwa chomboni. Mkataba haumjui.

Je, hakuna mlango mwingine? Upo. Mwaka 2015 ILO ilitoa Pendekezo namba 204 juu ya wafanyakazi wasio na ajira rasmi, linalozitaka nchi ziwaingize katika ulinzi wa sheria. Hapa Msumbiji, sheria ya hifadhi ya jamii namba 4 ya mwaka 2007 inawataja pia wanaojifanyia kazi wenyewe, nao wanaweza kujiandikisha katika shirika la INSS. Lakini mlango kuwa wazi si sawa na mtu kuingia. Mvutaji apataye metikali 125 leo na sifuri kesho atachangia vipi kila mwezi, na nani atamwelekeza ofisini? Hiyo ni kazi ya chama. Tumwone kuwa mwenzetu kwanza, ndipo tumsaidie kujaza karatasi.

JAMBO LISILOPENDEZA KUSEMA

Yafaa pia tusema ukweli juu ya juya lenyewe. Linapokokotwa chini hung'oa majani ya bahari ambamo tasi na changu hukulia, na likiwa na macho madogo hukomba hata samaki wasiofika urefu wa kidole. Kenya ililipiga marufuku mwaka 2001, na Tanzania imelikataza katika kanuni zake za uvuvi. Kwetu Msumbiji bado linavutwa, na katika pwani nyingi ndilo linalobeba watu wengi kuliko vyombo vingine. Mahali pengine watu wameanza kushona mifuko kwa vyandarua vya mbu. Huko ni kula mbegu.

Chama kisiogope kulisema hili kwa sababu ni wanachama wetu. Lakini vilevile tusikubali amri ya kuchoma nyavu bila kumwuliza mvutaji atakwenda wapi. Mwenye juya, juya likikatazwa, atanunua boti au ataweka fedha dukani. Mvutaji hana cha kuuza ila mgongo. Wengi wao walikuja kambani kwa sababu kiwanda kilifungwa bila wao kuulizwa. Tusiwafungie mara ya pili. Mabaraza ya uvuvi ya jamii yapo vijijini, na mvutaji anapaswa kukaa humo pamoja na mwenye nyavu, ili mambo ya macho ya nyavu na miezi ya kupumzisha bahari yaamuliwe naye.

VITA, TUFANI NA SANDUKU

Mambo yalizidi kuwa magumu. Tangu Oktoba 2017 vita vimeisumbua Cabo Delgado, na mamia ya maelfu ya watu wamekimbia makwao. Mwaka 2020 watu walishuka kwa maelfu katika ufuo wa Paquitequete hapa Pemba, wamejaa majahazini, wenye njaa na watoto mgongoni. Wengi wao walikuwa wavuvi, nao wakaja kuomba nafasi kambani. Lile neno "wapo wanaoweza" likapata nguvu mpya.

Baadhi ya wavutaji walitaka wageni wafukuzwe. Nilikwenda kuzungumza nao nikawakumbusha kwamba mwaka 1998 mgeni nilikuwa mimi. Tuliketi, tukakubaliana kila juya lipokee watu wachache kwa zamu, nao wajiunge na sanduku siku ya kwanza, kwa masharti yale yale na mgawo ule ule. Haikuwa rahisi, kwa maana mafungu yalipungua. Lakini mgeni akifukuzwa huenda kuvuta kwa nusu ya bei katika ufuo wa jirani, na mwezi wa pili bei hiyo inakufuata ulipo.

Kisha zikaja tufani. Kenneth ilipiga kaskazini ya Pemba tarehe 25 Aprili 2019. Chido ilipiga Mecúfi, kusini yetu, tarehe 15 Desemba 2024, ikaua watu wapatao 120 nchini na kuvunja nyumba na vyombo vingi vya uvuvi. Sanduku letu, lililokuwa limejaa haba na haba kwa miaka, lilimalizika katika wiki mbili: mabati, mchele, dawa. Mtu mmoja aliniambia, "Ona sasa, sanduku limekufa." Nikamjibu kwamba lilifanya kazi yake, lakini moyoni nilijua alikuwa na haki nusu. Sanduku la watu 18 laweza kuzika mtu mmoja, haliwezi kusimama mbele ya tufani. Ndiyo maana nasema tunahitaji chama kikubwa na hifadhi ya jamii ya kweli, ambayo fedha zake hazikai ufuo mmoja.

KWA WANAOSHIKA KAMBA, HATA SIKU MOJA KWA WIKI

Najua wasomaji wengi wa gazeti hili huenda pwani mwisho wa wiki. Tafadhali yashikeni haya na muwafundishe vijana wenu.

Kabla ya kuingia, simama juu mkatazame mawimbi kwa kitambo. Mawimbi makubwa huja kwa mafungu. Usidanganywe na utulivu wa katikati.

Usiingie palipo na njia ya maji ya rangi ya udongo isiyovunja mawimbi.

Usizungushe kamba mkononi wala usijifunge fundo kiunoni. Kikamba cha mshipi kizungushwe, kisipigwe fundo.

Kila bawa liwe na mtu mwenye kisu kikali, naye kazi yake iwe kumtazama aliye majini. Mtu akinaswa, asikaze kamba mtu yeyote. Legezeni, kateni. Nyavu hununuliwa.

Ukichukuliwa na mkondo usishindane nao. Elea, inua mkono, kisha ogelea kuambaa na ufuo mpaka utoke katika njia yake, ndipo urudi na mawimbi.

Anayesema "leo hapana" asichekwe. Msimamo wa mzee mmoja hauna nguvu kama waliomzunguka wamenyamaza.

MWISHO

Mama yangu bado anauza samaki. Mama mkubwa, aliyepoteza mwanawe, hali samaki wa juya mpaka leo. Hununua wa mshipi tu, na hatumwulizi sababu. Mwenye juya alikwisha kufa na mwanawe ndiye anayeliendesha. Neno la nahodha bado linafuatwa pale ufukweni, ingawa vijana wanaovuta leo hawajui lilianzaje.

Nawaomba viongozi wa matawi jambo moja. Katika mkutano wenu ujao, hesabuni ni wanachama wangapi wana mtoto, ndugu au mke anayeishi kwa kamba ya juya. Kisha hesabuni ni wangapi kati ya hao wameandikwa katika daftari lolote la chama. Hesabu ya pili ikiwa sifuri, tunayo kazi ya kufanya, na kusi ya mwaka huu haitatungoja.

Umoja ni nguvu.